Mistari Mitatu ya Mau Narok

Nimekubali kuusema mkasa huu mwenyewe kwa sababu nimechoka kuusikia ukisemwa na watu ambao hawakuwepo, na kila wanapousema idadi ya waliopokea ile meseji inaongezeka. Juzi hapa Nakuru nimesikia eti ilifika mpaka Naivasha, jambo ambalo si kweli (ilifika Nakuru na Kabazi tu, na hiyo ya Kabazi ni kwa sababu mkulima mmoja alikuwa ameenda kumtembelea dada yake huko akiwa na simu mfukoni). Aibu ni yangu, naijua urefu na upana wake, na kama ni lazima isimuliwe basi acheni niisimulie mimi niliyeibeba.

Wengi wenu mnanijua kwa upande wa vitabu, kwa zile Jumamosi zetu za chumba cha nyuma cha hoteli ya chai, tunasomeana kurasa na kukosoana mpaka mandazi yanapoa. Lakini riwaya isiyoisha hailishi mtu, kwa hiyo siku za kazi nilikuwa natengeneza programu za kompyuta. Mwaka ulikuwa 2007, umri wangu ishirini na minne, na kichwani nilikuwa na imani moja kubwa, kwamba kila kitu kizuri ni kile kilichofupishwa mpaka hakiwezi kufupishwa tena. Sentensi fupi ni bora kuliko ndefu, programu fupi ni bora kuliko ndefu. (Mnaosikia nilivyo na maneno leo mnaweza kucheka, nawaruhusu.)

Sasa, kule Mau Narok kuna chama cha ushirika cha wakulima wa viazi, na ili mwelewe nilichokiharibu lazima mwelewe kiazi. Kiazi kikiwa ardhini kina subira. Kikishachimbwa, subira imekwisha. Kikilala juani kinageuka kijani na kuwa kichungu na hakuna anayekitaka, kikinyeshewa ndani ya gunia kinaoza na kuwaambukiza wenzake. Kwa hiyo mkulima wa kule hachimbi mpaka ajue kwa hakika lori linakuja lini. Chama kilikuwa na wanachama mia nne na kumi na wawili katika sehemu sita, na kila wiki malori yalipanda kutoka Nakuru kuchukua viazi vya sehemu moja. Siku moja kabla, meseji fupi ilitumwa kwa wenye zamu: lori Alhamisi, chimba Jumatano. Mtu akiipata meseji hiyo alichukua jembe bila kuuliza swali, na hapo ndipo maisha ya chama kile yalipokuwa yamesimama, juu ya namba moja ya simu ambayo haikuwahi kudanganya.

Namba hiyo ilikuwa ya Madam Ruth.

Madam Ruth alikuwa katibu wa chama, mjane wa miaka hamsini na kitu, kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke wa miwani na sweta ya kijivu, na programu ya kutuma meseji aliitengeneza mwenyewe, kwa kujifundisha kutoka kitabu alichonunua kwenye mnada wa shamba moja la zamani la walowezi. Kompyuta yake iliunganishwa kwa waya na simu ya kawaida, simu iliunganishwa na dunia. Na hapa mnivumilie kidogo niwaeleze mambo ya kazi, kwa sababu mkasa wote umo humo.

Programu yoyote ikitaka kitu kutoka kwa nyingine inapita kwenye mlango fulani na kuomba kwa maneno yanayokubalika mlangoni hapo. Wataalamu wanauita kiolesura. Mlango wa Madam Ruth ulikuwa wa kizamani: unaiandikia simu amri moja fupi, inayoanza na herufi A na T, simu inajibu OK, unaiandikia ya pili, inajibu OK, unaipa namba ya mpokeaji, inakungoja, unaipa maneno, inakungoja, unaiambia tuma. Ukisahau namba inakujibu kwa neno moja kwamba umekosea, na haifanyi lolote. Isitoshe, yeye kabla ya kila namba alikuwa ameongeza swali lake, N kwa ndio, H kwa hapana, kwa hiyo kuwatumia meseji watu sitini na watatu wa sehemu moja maana yake ni kubonyeza N mara sitini na tatu. Yote hayo yalichukua mistari mia moja themanini na sita.

Mlango wangu ulikuwa mpya. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imeufungua, ulipitia kwenye intaneti, na ulitaka mistari minne tu: jitambulishe, taja mpokeaji, taja maneno, tuma. Minne! Nilipouona mara ya kwanza nilihisi kama mtu aliyesoma shairi la kiwango. Kweli, ulikuja na kitabu cha maelezo cha kurasa mia tatu na kitu, ambacho nilikichapisha chote nikakitia kwenye faili ili nionekane mtu makini. Nilisoma kurasa nne.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Lelei, aliniita niilinganishe milango hiyo miwili mbele ya wanachama, nieleze kwa lugha ya watu wa kawaida upi ni mgumu na upi ni rahisi, ndipo kamati iamue. Wakikubali mpya, ningeajiriwa mwaka mzima, na katika mwaka huo (nilishahesabu) ningeimaliza riwaya. Nilitaka kushinda. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kumshinda yule mama wa sweta ya kijivu.

Wiki moja kabla, nikiwa chumbani kwangu Nakuru, niliujaribu mlango mpya na orodha yenye namba moja, yangu. Nikagundua kwamba nikiacha kabisa kutaja mpokeaji, meseji inakuja kwangu vilevile. Nikahitimisha, kwa akili ile ya kurasa nne, kwamba usipotaja mtu programu inadhani unajitumia mwenyewe. Na hapo ndipo nilipofanya kauamuzi kadogo kalikonimaliza: kwenye maonyesho nitaufuta mstari wa mpokeaji. Minne itakuwa mitatu. Mitatu dhidi ya mia moja themanini na sita! (Minne ingeshinda vilevile. Nimeurudia ukweli huo kitandani mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia sala.)

Basi Jumanne saa nne asubuhi ukumbi wa chama ulikuwa umejaa, watu kama themanini, makoti mazito, gamubuti zenye udongo mweusi, na huko nje baridi ya Mau iking'ata. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi za manila. Upande wa kushoto karatasi tano zilizojaa mistari ya Madam Ruth, nimeinakili yote kwa mkono, kwa kalamu nyekundu, kwa makusudi. Upande wa kulia karatasi moja nyeupe, mistari mitatu katikati, kama mtu aliyelala peke yake kwenye kitanda kikubwa. Watu waliangalia kushoto wakaguna, wakaangalia kulia wakatabasamu. Nikazungumza. Nilizungumza vizuri, hilo hata maadui zangu wanakubali; nikasema ugumu ni kama magugu, kwamba wazee wetu waliandika mia moja kwa sababu hawakujua tatu. Nilipotaja wazee nilimwangalia Madam Ruth. Alikuwa kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha, faili langu la kurasa mia tatu mapajani, akilisoma.

Aliuliza swali moja tu, akinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Ukiiacha bila mpokeaji, inamtumia nani?"

"Mimi," nikasema. "Ina akili, madam. Haihitaji kuambiwa kila kitu."

Watu wakacheka, na yeye akarudi kwenye faili.

Mzee Lelei alikuwa ameniomba nionyeshe kwamba mlango mpya unaweza kubeba wanachama wote, kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa nimeipakia orodha nzima ya chama, majina mia nne na kumi na mawili, pamoja na la mwenye malori kule Nakuru. Na ili wakulima wasije wakashtuka siku za usoni kuona namba ngeni, nilikuwa nimeijaza namba ya Madam Ruth kama namba ya mtumaji. Nilijisifu moyoni kwa uangalifu huo.

Kilichobaki ni maneno ya jaribio. Mtu mwingine yeyote angeandika jaribio, moja, mbili, tatu. Mimi ni mwandishi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeipata sentensi ya sura ya tisa, ile ambayo shujaa wangu Msafiri anamwandikia mpenzi wake Nuru baada ya miaka mingi, na nilikuwa naipenda sentensi ile kama mtu anavyopenda meno yake mapya. Nikaiandika. Nikaunganisha simu yangu na kompyuta kwa ajili ya intaneti, nikainua kidole juu ili kila mtu akione, nikabonyeza.

Simu yangu haikulia. Nikatabasamu, nikasema mtandao wa huku ni wa milimani, tuupe muda.

Simu ya kwanza kulia ilikuwa ya akina Shiro. Baba Shiro alikuwa makamu wa mwenyekiti, ameketi mbele. Lakini simu ya nyumba yao, kama nyumba nyingi za kule, ilikuwa moja, na ilikaa kwenye kiondo cha Mama Shiro, aliyekuwa safu ya nne. Na kuna desturi pale ambayo mimi sikuijua: meseji ikitoka kwenye namba ya Madam Ruth wakati watu wamekusanyika, anayeipata anasimama na kuisoma kwa sauti, kwa kuwa huenda ni ya lori na huenda jirani simu yake haina chaji. Mama Shiro akasimama. Akaisogeza simu mbali na macho, akasoma polepole, kwa sauti ile ya kutangaza ratiba ya kanisa:

"Mpenzi, katika nyuso zote za dunia nimekuchagua wewe peke yako. Njoo, nakungoja."

Akaangalia namba tena. Akamwangalia mumewe kule mbele, kisha Madam Ruth kule dirishani, na mimi, niliyekuwa najua ukweli wote, nilikuwa nimekauka kama mti wa uzio.

"Baba Shiro," akasema, taratibu kabisa, "hii ni ya lori gani?"

Baba Shiro hakupata nafasi ya kujibu kwa kuwa mzee mmoja nyuma naye alisimama, simu mkononi, akaanza kwa uaminifu wa desturi, "Mpenzi, katika nyuso zote..." na kabla hajafika dunia, simu nyingine, na nyingine, ukumbi mzima ukawa kama miti iliyojaa ndege. Wengine walisoma kwa sauti, wengine waliona aibu wakaziba simu kwa kiganja, kijana mmoja mlangoni alikuwa amechuchumaa anashika mbavu. Themanini mle ndani, na nje ya kuta zile, kwenye mashamba yote mpaka bondeni, wengine zaidi ya mia tatu, kila mmoja amechaguliwa peke yake, na wote na mjane mmoja.

Nilisema ni kosa dogo. Nilisema imeshapita. Nilikuwa bado nasema imeshapita wakati simu ya Mama Shiro ilipolia tena, akaiangalia, akasema, "Amenichagua tena."

Sikujua wakati ule, na ukurasa wa mia mbili na saba ulikuwa unajua, kwamba usipotaja mpokeaji mlango mpya unawatumia wote walio kwenye orodha, tena kwa bidii. Ukishatuma meseji, mlango wenyewe unangoja simu ya mpokeaji ithibitishe kwamba imefika, na usipopata uthibitisho unaituma tena, kila baada ya dakika chache. Kwa mtandao wa Mau Narok uthibitisho ulikuwa ukitembea kwa miguu. Nikafanya jambo ambalo kila mtu angefanya: nikaushika waya uliounganisha simu yangu na kompyuta, nikaung'oa kwa nguvu zangu zote, nikauinua juu kama mtu aliyeua nyoka.

"Basi," nikasema. "Nimeizima."

Simu zikalia.

Rafiki zangu, kuna upweke wa aina nyingi na nimeandika kuhusu karibu yote, lakini hakuna kama ule wa kusimama mbele ya watu themanini umeshika waya ambao hauna tena habari na kinachotokea. Ungekuwa mlango wa Madam Ruth, kung'oa waya kungemaliza kila kitu, maana kazi yote ilifanyika pale mezani, kati ya kompyuta na simu. Yangu haikuwa pale tena. Nilikuwa nimeikabidhi mistari mitatu kwa mashine za watu nisiowajua, na ndani ya mashine hizo kulikuwa na maelfu ya mistari mingine ambayo sikuiandika kwenye manila. Ugumu haukuwa umepungua hata chembe. Ulikuwa umehamia Nairobi.

Simu ya Madam Ruth mwenyewe ikalia, si meseji, simu ya kupigiwa. Akaiweka kwenye kipaza sauti, kwa kuwa hakuwa na siri. Alikuwa Bwana Jaswant, yule mwenye malori wa Nakuru, mzee wa heshima zake.

"Madam Ruth," akasema, "mimi niko miaka sitini na nne, na umenichagua mara nne. Mke wangu ameketi hapa. Anauliza kama Alhamisi malori yaje ama nije mimi."

Ukumbi uliangua kicheko ambacho nadhani kiliingia kwenye mbao za dari, na mimi ningecheka pia kama singemwona Madam Ruth akifunga vifungo vya sweta yake hadi shingoni. Alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kumetokea hitilafu, kwamba malori yaje, akamsalimia mke. Akazima. Akavua miwani, akaipangusa kwa sweta, akaivaa, akanijia na faili.

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja," akasema. "Kuna amri ya kusimamisha. Irudishe intaneti."

Intaneti ilikuwa kwenye waya, na waya nilipoung'oa nilikuwa nimeuvunja kichwa. (Ndiyo. Hilo pia.) Madam Ruth akaufungua mkoba wake, akatoa waya wake mwenyewe, ule wa mlango wa kizamani, umefungwa plasta sehemu mbili, akauchomeka. Nikaandika amri kama alivyonisomea, neno kwa neno, kama mtoto anayeandika imla. Meseji ikasimama. Ilikuwa imeshakwenda mara saba.

Mzee Lelei hakunifokea, na ningeona afadhali angefoka. Alizibandua karatasi zangu za manila moja moja, akazikunja, akanipa. "Kijana," akasema, "kesho Madam anatuma meseji ya sehemu ya tatu wachimbe. Leo namba yake imesema uongo mara saba. Ya nane nani ataiamini?"

Hapo tu ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu, na aibu ni mnyama anayejilamba mwenyewe, kumbe kulikuwa na viazi vya nyumba sitini na tatu ardhini, malori yanakuja Alhamisi, na wenye viazi watapata meseji kutoka kwa mwanamke waliyemheshimu miaka yote na watacheka na kuirudisha simu mfukoni. Wasipochimba, zamu yao imepita, na zamu nyingine ni baada ya wiki sita, mvua ikiwa ndani ya udongo. Na yeye angeingiaje kanisani Jumapili?

"Nitaenda nyumba kwa nyumba," nikasema.

"Sehemu ya tatu ni milima," akasema Mzee Lelei.

"Nitaenda."

Nililala kwa Mzee Lelei, akaniazima gamubuti zilizonizidi namba mbili, na Jumatano kulipopambazuka nilishuka na orodha ya majina sitini na matatu. Nilijiwekea sharti: kila mlango niseme maneno yaleyale, bila kupamba, bila kujitetea. Ile meseji ya mapenzi ni yangu mimi, si ya Madam Ruth. Ya leo ya lori ni yake, na ni ya kweli. Basi. Mistari miwili, nikapata kuifupisha mwishowe.

Nyumba ya kwanza, mwenye shamba alikuwa ameegemea uzio ananingoja, maana habari ilikuwa imenitangulia.

"Niaje, mpenzi," akasema. "Umekuja, ama tuje?"

Nikasema maneno yangu. Akaniuliza kama kweli nilimchagua yeye peke yake ama hata jirani yake, kwa sababu jirani anajivuna. Nikasema tena maneno yangu. Akachukua jembe. Nyumba ya pili walinifanya niseme mara tatu ili mama mkwe atoke jikoni asikie. Nyumba ya kumi na nane ilikuwa na mwanamume aliyekuwa amelala nje kwa kosa langu, hakuona cha kuchekesha, na nilimweleza mke wake huku yeye amesimama nyuma yangu na blanketi mabegani, mpaka mke akasema, "Haya, ingia unywe chai," na sikujua kama ananiambia mimi ama yeye, tukaingia wote. Kwenye nyumba ya thelathini na kitu kisigino kilikuwa kimechubuka nikawa natembelea kidole. Nilianguka mtoni mara moja. Mbwa sitawazungumzia. Lakini kila nilipopanda kilima na kuangalia nyuma, kwenye mashamba niliyokwisha kupita niliwaona watu wameinama, udongo mweusi umefunguka, magunia yameanza kuvishwa vile vilemba vyao vya kamba juu, na hicho ndicho chakula pekee nilichokuwa nacho mpaka jioni, kikanitosha.

Nyumba ya sitini na tatu ilikuwa ya Shosho Wambui, bibi mzee, nyuma ya mikaratusi, peke yake na kuku. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Nikasema maneno yangu, sauti imeshakauka. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo meseji sijaifuta," akasema. "Mzee wangu tuliishi naye miaka arobaini na hakuwahi kuniambia kitu kama hicho. Nisomee tena, herufi zake ni ndogo."

Nikamsomea. Mara ya kwanza maishani nikaisoma sentensi ile bila kujisikiliza. Kisha nikamwomba jembe, kwa sababu jua halikumtosha mtu mmoja kuchimba, na tukachimba pamoja, yeye akiokota na kunisema ninavyovikata viazi, mpaka nusu ya shamba. Nusu iliyobaki tulimalizia asubuhi, lori likisikika tayari likipanda.

Viazi vya nyumba zote sitini na tatu viliondoka Alhamisi ile. Nilirudi ofisini nikiwa na tope mpaka masikioni, nikamwambia Madam Ruth samahani, na nilikuwa nimetayarisha hotuba lakini ikanipotea. Alikuwa anajaza daftari.

"Ile sentensi ni yako?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, madam."

"Ni ndefu. 'Nakungoja' peke yake ingetosha."

Kisha akavuta kiti cha pili. Akaniambia, "Usifikiri napenda mlango wangu kwa kuwa ni wa zamani, vidole vyangu vimechoka na N, mpya una mambo mazuri nimeyaona kwenye faili lako. Lakini mimi mlango wangu najua usipoambiwa kitu haufanyi kitu, na najua nikitaka kuuzima nishike wapi. Kaa hapa usome kurasa zote, ukimaliza tutaongea." Kamati ilibaki na mistari mia moja themanini na sita. Mimi sikupata kazi ya mwaka. Nilipata kiti kile, siku mbili kwa wiki, chini ya Madam Ruth, na jina Wewe Peke Yako, ambalo hata watoto wa kule wananiita mpaka leo.

Januari iliyofuata, ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, sitaisimulia, mliipitia wenyewe. Nitasema tu kwamba siku ya kwanza barabara zilipofungwa, na simu za watu zikiwa zimejaa maneno ya kila aina ya kutisha, tuliketi ofisini, mimi nikisoma majina, yeye akibonyeza N, mara mia nne na kumi na mbili bila kuruka jina la mtu yeyote: lori haliji, usichimbe, kaa nyumbani. Hakuna mkulima aliyechimba. Hakuna aliyepiga simu kuuliza kama ni kweli. Nilimwangalia yule mama akikunja vidole vilivyokufa ganzi, nikafikiria jinsi nilivyokaribia kuivunja namba ile kwa ajili ya kufuta mstari mmoja.

Kwa hiyo nimeapa, nanyi ni mashahidi. Sitaita kitu rahisi kabla sijakiuliza kinafanya nini nisipokiambia lolote. Sitausifu ufupi wa kitu kabla sijajua urefu wake umefichwa wapi. Na nikijaribu programu naandika jaribio, moja, mbili, tatu, kama watu wengine.

Riwaya iliisha, mwishowe. Ile sentensi ya sura ya tisa nimeitoa. Siwezi kumfanya Msafiri amwambie Nuru wewe peke yako, huku wakulima mia nne na kumi na wawili wa Mau Narok wanaijua kwa moyo, na kuna shosho mmoja nyuma ya mikaratusi ambaye sentensi hiyo sasa ni yake.